Uraia wa mtoto aliyezaliwa Marekani
Dada, umeuliza kama rais wa Marekani anaweza kwa sahihi yake tu kumnyima uraia mtoto wa mdogo wako anayesoma Ohio. Amri ipo kweli. Trump aliisaini 20 Januari 2025, na inawagusa hata watoto wa akina mama wenye viza ya masomo, kama baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Lakini uraia wa kuzaliwa, yaani kuwa raia kwa kuzaliwa Marekani, umo ndani ya Katiba, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868. Kuibadili Katiba ile kunataka theluthi mbili ya Wawakilishi na ya Seneti, kisha majimbo 38 yaridhie. Siku 3 baada ya amri, jaji wa Seattle aliizuia.

Halafu kuna Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, wazazi wake Wachina. Mwaka 1895 alirudi kutoka China, akanyimwa ruhusa ya kuingia, akakaa miezi kwenye meli akiuona mji aliozaliwa. Alikwenda mahakamani, na 1898 Mahakama ya Juu ikampa haki yake: ni raia kwa kuzaliwa. Mpishi! Kisa hiki hunigusa kila nikikikumbuka.

Mwambie mdogo wako achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema.