Kwa nini modeli yako haionyeshi mchanga ukizama
Umeuliza kwa nini ukitumia Mohr-Coulomb (modeli ya kompyuta ya kawaida ya kukadiria udongo unavunjika lini) mchanga hauzami hata baada ya mizunguko elfu ya mzigo, yaani kupakia na kupakua. Ni kwa sababu ndani ya mpaka wake wa kuvunjika, modeli hiyo ni elastiki tupu: ukipakia, mchanga unabonyea; ukipakua, unarudi palepale. Mchanga halisi haurudi wote. Kila mzunguko chembe huteleza na kujipanga upya kidogo, na mbonyeo unaobaki hujilimbikiza, haraka mwanzoni, kisha polepole, mara nyingi karibu na mkunjo wa logarithimu.

Kama mizunguko ni michache, tuseme ya tetemeko la ardhi, fuatilia kila mmoja kwa modeli ya mchanga ya watafiti Dafalias na Manzari ya 2004, au kwa haipoplastiki (aina nyingine ya modeli ya mchanga, isiyo na mpaka wa elastiki tupu) yenye nyongeza ya Niemunis na Herle ya 1997 (bila nyongeza hiyo modeli huzidisha mno mbonyeo unaojilimbikiza). Ikiwa ni mamilioni, kama kwenye misingi ya mitambo ya upepo baharini, njia hiyo achana nayo: makosa madogo ya hesabu ya kila hatua nayo yanajumlishana. Piga hesabu ya mizunguko michache tu, pata ukubwa wa mbonyeo wa kwenda na kurudi, halafu tumia moja kwa moja kanuni ya ulimbikizaji, yaani inayokadiria mbonyeo unaobaki kutokana na ukubwa huo na idadi ya mizunguko.

Na maji usiyasahau. Yakipata njia ya kutoka, mchanga hushindiliwa; yakizuiwa, shinikizo lake hupanda hadi mchanga unageuka uji, kama ilivyotokea katika tetemeko la Niigata, Japani, 1964.