Ukibaguliwa ughaibuni, andika siku hiyo hiyo

Ubaguzi dhidi ya mgeni mara nyingi hauji na matusi. Huja na adabu zake: "Samahani, chumba kimeshachukuliwa." Ndiyo maana kuuthibitisha ni kazi, na wengi huishia kujilaumu kwamba labda wanakuza mambo.

Basi kabla hujalala, andika. Tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo, na maneno yenyewe katika lugha iliyotumika. "Alinidharau" haisaidii kitu. Andika alichofanya: alimhudumia aliyefika nyuma yako, au alikudai kitambulisho ambacho wengine hawakudaiwa. Atakayesikiliza shauri atauliza hasa hilo, mwingine mwenye hali kama yako alitendewaje? Mwajiri akidai kibali cha kazi kwa kila mwombaji, hapo huna kesi. Maelezo hayo jitumie kwa baruapepe yako binafsi, yapate tarehe. Ya ofisini usiiguse: siku ukiachishwa kazi akaunti inafungwa, na ushahidi wako umo ndani.

Kwenye nyumba za kupanga, ulinganisho unaweza kuutengeneza mwenyewe. Ukiambiwa chumba kimekwenda, rafiki mwenye jina la wenyeji wa huko aombe siku hiyo hiyo, kwa kazi ileile na kipato kilekile. Jina tu ndilo libadilike. Jaribio huharibika rafiki anapojipamba kwa mshahara mnono au anaposubiri siku tatu. Mwenye nyumba atakuwa na kisingizio tayari. Piga picha ya skrini ya tangazo mapema, kwa sababu huondolewa.

Kurekodi sauti kwa siri kunavutia, lakini ulizia sheria kwanza. Ujerumani, kurekodi maongezi ya faragha bila ridhaa ni kosa la jinai, na mlalamikaji anaweza kugeuka mshtakiwa.

Kinachoua kesi nyingi ni muda. Marekani, malalamiko ya ubaguzi kazini hupelekwa EEOC, tume ya serikali kuu inayoyashughulikia, ndani ya siku 180, au 300 pale penye chombo cha jimbo kinachosimamia sheria ya kukataza ubaguzi kama huo. Sheria ya Ujerumani ya 2006 ya kupinga ubaguzi, AGG, iliweka miezi 2 tu ya kudai fidia kwa maandishi. Mipaka hii hurekebishwa, kwa hiyo thibitisha iliyopo leo. Na usikae ukingoja majibu ya idara ya utumishi: kwa EEOC, kulalamika ndani ya kampuni kwa kawaida hakusimamishi siku kuhesabika. Fanya yote mawili kwa pamoja.

Vijembe vidogo, kama kuigizwa lafudhi, si lazima vifike kwenye mashtaka. Muulize anayekutania kwa utulivu, mbele ya wenzake: "Sijaelewa, unaweza kurudia?" Wengi hushindwa kurudia. Akirudia, una mashahidi. Majina yao yaandike jioni hiyo.