Re: Nilipe kocha wa maisha? Siku 21 zinanishinda

Mkuu, umesema umejaribu mara tatu kuamka saa kumi na moja alfajiri usome, kila mara unakwama kabla ya siku 21, sasa unafikiria kulipa kocha.

Hiyo 21, kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21, isikutishe. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Sura, siyo kuamka alfajiri! Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wakachapisha matokeo 2010: mpaka tabia izoeleke, kuna makadirio ya siku 18, kuna ya 254, katikati 66. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Mimi kuandika matumizi kulinishinda mpaka nilipoweka daftari jikoni, kando ya birika. Nasubiri chai ichemke, naandika: nauli, vocha, mkaa. Chai siachi, kwa hiyo na daftari siachi.

Kocha mzuri atakuuliza maswali na kukudai ripoti, kusoma hakusomei. Rafiki anayekupigia saa kumi na moja na robo anafanya nusu ya kazi hiyo bure. Niliyemlipa mimi aliishia kunitumia sauti za hamasa WhatsApp, basi. Ukiamua, lipia kikao kimoja kwanza, achana na kifurushi cha miezi mitatu.

Halafu usiku unalala saa ngapi? Hilo hujasema.