Mipira Mitano, Watoto Ishirini na Wanne

Vijana wanaotaka kusomea ukocha huniuliza kwanza kuhusu madaraja ya leseni, nami huwajibu kwa ufupi: katika utaratibu wa CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, mtu huanza na daraja D, akapanda hadi C, B na A, na juu kabisa ipo Pro. Kwa hapa Tanzania kozi hizo husimamiwa na TFF, shirikisho la soka la nchi, kwa hiyo ulizeni mapema katika chama cha soka cha wilaya au cha mkoa. Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni yale yanayomngoja kocha akisharudi uwanjani na cheti chake.

Kabla ya kozi yangu ya ukocha nilikuwa nimewafundisha watoto hapa Masasi kwa miaka kadhaa, nikiamini kuwa kucheza kwangu beki kulinitosha. Siku ya mtihani wa vitendo niliwapanga watoto 24 katika mistari miwili, kila mmoja akisubiri zamu ya kupiga golini. Mkufunzi alinyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza: yule mtoto aliyekuwa nyuma kabisa alipiga mpira mara ngapi katika dakika 15? Sikujua. Yeye alikuwa amehesabu: mara 4.

Swali hilo lilinibadilishia kazi yote. Niliporudi nilikuwa na mipira mitano tu, na uwanja wetu ni wa mchanga, lakini mipira mitano inatosha kuwagawa watoto 24 katika makundi matano. Kila kundi hupewa mraba wa hatua 10 kwa 10, mmoja akae katikati akiusaka mpira, wenzake wapasiane wakimzunguka. Anayepoteza mpira huingia kati. Mchanga huupunguza mwendo mpira wa chini, hivyo mtoto hulazimika kupiga pasi yenye nguvu na kusogea kuupokea badala ya kuusubiri. Kitabu cha kozi hakikuniambia hilo. Nililiona mwenyewe baada ya kuanza kutazama kwa makini.

Shika jambo moja tu kwa kila zoezi. Ikiwa leo unafundisha kupokea mpira huku mwili umefunguka kuelekea mbele, usimkemee mtoto kwa shuti lililopaa. Simamisha mchezo, kila mtu abaki pale alipo, umuulize aliyekosea alikuwa akiona nini, kisha arudie mwenyewe. Makocha wengi, nami nikiwemo zamani, hupiga kelele kutoka pembeni muda wote, na mtoto huzoea kusikiliza badala ya kufikiri.

Kwa vijana wa miaka 14 na zaidi, mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+ huchukua kama dakika 20 na hauhitaji vifaa vya gharama. Ninausisitiza sana kwa kuwa husaidia kuzuia majeraha, na goti likiumia huku kwetu matibabu huwa mbali na ghali.

Ratiba nayo iheshimu mahali ulipo. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapopamba moto, watoto wengi hufuatana na wazazi wao mashambani, na jioni nyingine mimi hubaki uwanjani na watoto 9 au 10 tu. Zamani nilikuwa ninaahirisha mazoezi. Sasa wiki hizo ninazitenga kwa ajili ya makipa na wapiga mashuti, maana kazi ya kumfundisha kipa asimame wapi na atoke lini golini humtaka kocha akae naye karibu, jambo ambalo watoto 24 hawaniruhusu kulifanya.