Ukisakinisha toleo jipya na kompyuta ikaendelea kuita la zamani

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amesakinisha Python mpya, lakini kila akiiita kwenye terminali hujibiwa na ile ya zamani, na sasa anataka kuifuta iliyokuja na Linux yake. Ndugu yangu, usiifute. Zana nyingi za mfumo wenyewe huitegemea.

Kinachoamua ni kigeu kiitwacho PATH, yaani orodha ya saraka zinazopekuliwa kwa zamu kuanzia kushoto. Programu ya kwanza kukutwa yenye jina hilo ndiyo inayoendeshwa, iwe mpya au kuukuu. Andika type -a python3 na Bash, yaani sheli (programu inayopokea amri zako kwenye terminali), itakutajia zote kwa mpangilio huo, pamoja na lakabu, yaani majina mbadala ya amri, ambazo huitangulia PATH. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na where, na huko convert ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha, imegongana kwa miaka mingi na convert ya Windows yenyewe, inayogeuza mfumo wa faili wa diski kutoka FAT kuwa NTFS.

Nayasema haya kwa uchungu. Mahali nilipofanya kazi zamani, ripoti iliyoandaliwa na programu yangu ilikuwa ikitoka tupu tangu msimamizi wa seva alipoikabidhi kwa cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iendeshwe usiku, na kikao kizima kikanihukumu kabla ya mtu yeyote kufungua kumbukumbu za seva. Niliiendesha kwa mkono mbele yao, ikafanya kazi barabara. Ndipo nikaongeza echo "$PATH" kwenye kazi ile ya usiku, na kesho yake ikaonekana /usr/bin:/bin pekee, ilhali terminali yangu ilianza na /usr/local/bin, lilikokuwa toleo jipya la Python. Niliandika njia kamili, /usr/local/bin/python3, na ripoti ikatoka. Hakuna aliyeniomba radhi, lakini najivunia kwamba nilijibu kwa ushahidi.

Nawe fanya hivyo: uliza kwanza ni ipi inayoitwa, tena uliza palepale inapoendeshwa. Ukitaka yako itangulie, andika export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH" kwenye faili la mipangilio ya sheli yako. Ikiwa saraka hiyo ilikuwamo tayari na bado unajibiwa na toleo la zamani, andika hash -r, kwa kuwa Bash hukumbuka ilikoikuta programu mara ya mwisho.