Maswali Yenu: Wagombea watano wa chama kimoja, kiti kimoja

SWALI: Nimepata uraia wa Marekani na ninaishi Tacoma, jimbo la Washington. Kwetu Kenya chama humpa mtu mmoja tu cheti cha kuwania kiti. Hapa nimeletewa karatasi ya mchujo, na nafasi moja inawaniwa na watu watano wa chama ninachokiunga mkono. Naambiwa chama hicho kinaweza kuongoza kwa kura na bado kikose mtu Novemba. Kweli? — Msomaji, Tacoma

JIBU: Ni kweli, na Washington imekwisha kutokea. Mchujo wa huko, unaofanyika Jumanne ya kwanza ya Agosti, haumteui mgombea wa kila chama. Hupitisha watu wawili wenye kura nyingi zaidi, hata wakiwa wa chama kimoja. Chama unachokiona chini ya jina ni kile ambacho mgombea mwenyewe amesema anakipendelea. Chama hakina uwezo wa kumzuia kukitaja.

Mwaka 2016 nafasi ya Mweka Hazina wa jimbo iliwaniwa na watu watano. Wawili wa Republican, Duane Davidson na Michael Waite, walipata takriban asilimia 25 na 23. Watatu wa Democratic waligawana 20, 18 na 13. Jumlisha: Democratic walikuwa na zaidi ya asilimia 51, lakini waliopita ni wale wawili wa Republican. Novemba mpiga kura wa Democratic hakuwa na mtu wa chama chake kwenye nafasi hiyo, na Davidson akashinda.

Hatari hii inapimika kwa hesabu. Tuseme wapinzani ni wawili na kila upande unagawana kura zake sawasawa. Chama chenye wagombea watatu kitahitaji zaidi ya asilimia 60 ya kura zote ili mmoja wao apenye. Wakiwa wanne, karibu 67. Wakiwa watano, zaidi ya 71, na vyama vyenye nguvu hiyo katika jimbo zima ni vichache. Kinachookoa ni kura kumwelekea mmoja: anayevuka theluthi moja ya kura zote hawezi kuachwa nje.

Mwaka 2024 ilikaribia kujirudia kwenye nafasi ya Kamishna wa Ardhi za Umma, Democratic watano dhidi ya Republican wawili. Kura zilihesabiwa upya kwa mkono, na Dave Upthegrove wa Democratic akashika nafasi ya pili kwa kura 49 tu katika jimbo zima. Novemba alishinda kiti. Kura 49 ni mtaa mmoja wa Tacoma, kwa hiyo usidhani bahasha yako ya kura haina uzito.

Sasa ufanye nini? Usirudishe karatasi siku ile ile unapoipokea. Hutumwa kwa posta angalau siku 18 kabla ya uchaguzi, na ndani ya muda huo mara nyingi huonekana nani ana nguvu na nani anaungwa mkono na vyama vya wafanyakazi au viongozi wa chama. Kati ya wale unaoridhika nao, mpe anayeweza kuingia wawili bora. Mtu akitangaza kwamba amejiondoa baada ya muda wa kujitoa mwezi Mei kupita, jina lake hubaki kwenye karatasi. Kumpigia ni kuitupa kura. Weka alama moja tu, kwani ukichagua wawili kura yako ya nafasi hiyo huharibika, ingawa zile za nafasi nyingine zinahesabiwa. Ukichelewa, usitegemee posta: peleka kwenye sanduku la kura kabla ya saa 2 usiku, siku ya uchaguzi.

SWALI: Je, ni Democratic tu wanaoumia? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. California inatumia mfumo kama huo. Mwaka 2022, kwenye kiti cha Seneti ya jimbo wilaya ya 4, Republican sita waligawana kura ingawa kwa jumla walikuwa wengi. Democratic walikuwa wawili tu, na wote wawili wakapita. Marie Alvarado-Gil alishinda, kisha mwaka 2024 akahamia Republican.

SWALI: Kuna jimbo lililopata dawa? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Alaska imepunguza makali. Tangu 2022 mchujo wake hupitisha wanne, na Novemba mpiga kura huwapanga kwa namba: wa kwanza, wa pili, kuendelea. Wa mwisho akiondolewa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Hata hivyo vyama bado hupiga hesabu. Mwaka 2024, kwenye kiti cha Bunge la Marekani, Nancy Dahlstrom wa Republican alimaliza mchujo akiwa wa tatu, akajitoa, na kumwachia uwanja Nick Begich wa chama chake, ambaye alishinda.