Neema, hizo euro 15 kwa saa ni kweli, ila sikiliza

Mdogo wangu, nimesikiliza voisi zako zote. Huyo agenti anayekwambia njoo Ujerumani na viza ya chuo, utasoma huku unasafisha hoteli kwa euro 15 kwa saa na chama cha wafanyakazi kinakulinda, namba hajakosea, ila kuna kitu anakificha na kinaniuma sana.

Euro 15 ipo. Tangu Januari 2026 ndo kima cha chini cha wasafishaji Ujerumani nzima, chama cha wafanyakazi cha IG BAU kilikaa mezani na waajiri wakakubaliana, na kima hicho kinaibana hadi kampuni ambayo haikukaa hapo mezani, ndo maana kiko juu ya kile cha sheria ambacho ni 13.90. Sasa mimi nimeajiriwa na kampuni ya usafi, sio hoteli yenyewe, na hotelini napewa vyumba. Wanasema hivi ni vya masaa 6, namaliza baada ya 8, na kwenye karatasi wanaandika 6. Piga hesabu, inabaki euro 11 na kitu. Ukilalamika hotelini wanakwambia hatukujui, nenda kwa kampuni iliyokuleta.

Sisemi chama hakina kazi. Paris, hoteli ya Ibis Batignolles, wanawake wanaosafisha vyumba, wengi Waafrika kama sisi, waligoma toka Julai 2019 mpaka Mei 2021, miezi 22 na corona humo humo, wakapata nyongeza na vyumba vya kila saa vikapunguzwa, na mmoja wao Rachel Keke, mzaliwa wa Ivory Coast, 2022 akawa mbunge. Ila kuajiriwa na hoteli yenyewe hawakupata. Na miezi 22 we utagomaje wakati mama anasubiri hela ya dawa?

Ukija jiunge na chama wiki ya kwanza, bosi sio lazima ajue. Ila miezi 6 ya mwanzo usijitokeze mbele, hapo wanaweza kukutoa bila hata kusema sababu na uhamiaji wanataka waone una hela ya kuishi. Lakini usinyamaze pia jamani, akikupunja sema! Kila siku andika kwenye daftari umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi, mwanasheria wa chama atakuuliza hicho kwanza.

Sikukatazi, ada ya wanangu inatoka kwenye hivi hivi vyumba. Ila kabla hujamlipa huyo agenti hata shilingi, muulize ni kampuni gani na wanahesabu saa au chumba, anijibu mimi.